Tairi Zima la Mzee Mboje

"Hiyo si spea, hiyo ni sahani ya kulia mlenda," Mzee Mboje alisema, akakisukuma kwa mguu kitairi chembamba kilichotolewa kwenye buti. "Nani aliyeweka kitu hiki kwenye gari la kubeba watu?"

"Limetoka nacho kiwandani, baba," mwanawe Danford akamjibu.

"Basi na huko kiwandani wana wakubwa wanaokula spea."

Walikuwa kwa Fredrick, fundi pancha wa Bariadi, na mzee alikuwa na haraka. Siku hiyo chama chao cha wakulima wa pamba kilikuwa na mkutano kijijini kwao, ukishapita Nkoma, na Januarius, mwenyekiti, alikuwa anaomba kurudishwa kwenye kiti. Mboje alikuwa na swali moja. Alitaka kuliuliza mbele ya watu kabla mikono haijanyooshwa.

Mwaka juzi mke wake, Nyanjige, alipozidiwa, walimpakia kwenye gari la chama wamkimbize hospitali. Tairi likapasuka katikati ya mbuga. Dereva alipofungua buti akakuta kitairi kama hiki, tena kipara, nacho hakikufika hata kona ya pili. Nyanjige akafia kwenye kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwa mumewe, wakingoja gari lolote lipite. Na gari lile lilinunuliwa likiwa na spea kubwa! Wanachama wote waliiona siku linazinduliwa. Ilikwenda wapi? Hilo ndilo swali. Kila mtu alijua ilihamia kwenye gari la mwenyekiti, lakini jambo linalojulikana kwa kunong'ona halimtoi mtu jasho.

Fredrick akaleta tairi zima, ringi yake ya matundu matano, kimo sawa na yale manne ya chini. Akalilaza kwenye shimo la buti. Likagoma kushuka.

"Limenona, mzee. Shimo hili lilichongwa kwa ajili ya kile chembamba."

"Toa hilo godoro lililozunguka."

"Hilo godoro lina..."

"Nimesema toa! Ninyi mafundi na viongozi mnafanana, mnabishana mpaka mtu anakufa."

Fredrick akaling'oa godoro gumu la sponji, akalitupa chini ya benchi. Tairi likashuka, si lote, na ubao wa buti ukabaki umeinuka kama kifuniko cha chungu kilichojaa. Skrubu ya kulibana ilikuwa fupi, wakalifunga kwa mpira wa tyubu.

"Mizigo haitakaa hapo, baba," Danford alisema.

"Mizigo gani? Mimi nimebeba swali."

Lami waliiacha nyuma, wakaingia kwenye barabara ya tope. Haukupita muda tairi la mbele likatoboka. Mboje akacheka, yeye ambaye watu walikuwa wamesahau meno yake yakoje. "Unaona? Si nilisema? Fungua buti!"

Danford akatoa spana chini ya kiti. Akapekua buti, akapekua chini ya viti, akasimama.

"Baba. Jeki ilikuwa ndani ya lile godoro."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nafokewa."

Mzee akamtukana Fredrick, akakitukana kiwanda, akaitukana barabara pamoja na aliyeipitisha kwa kalamu. Jeki haikutokea. Lililotokea ni gari jeupe, limeoshwa, likielekea mkutanoni. Kioo kikashuka, na uso wa Januarius ukachungulia.

"Mwangaluka, mzee."

Salamu ile ikaanguka chini, haikuokotwa.

"Tuna pancha, mwenyekiti," Danford akasema kwa aibu. "Spea ipo, jeki hatuna."

Januarius akacheka mpaka akakohoa. "Tairi zima bila jeki! Ni kama mtu kununua maksai, plau hana. Jeki ninayo, nitawapa. Ila mzee, tumalizane hapa hapa. Mambo ya marehemu tusiyapeleke mbele ya watu. Mama wa watu tumwache apumzike."

"Apumzike?" Mboje akasogea kwenye kioo. "Alipumzika juani, njiani, kama mzigo uliokosa mwenyewe. Nenda zako. Na hiyo jeki ikuinue wewe."

"Baba, chukua!"

"Ukiigusa, Danford, leo huna baba."

Gari jeupe likaondoka, likawamwagia tope.

Kando ya barabara mwanamke alikuwa anapanda pamba. "Mayu, mama yangu, tuazime jembe," mzee akamwomba.

"Mnalima barabara?"

"Wenye barabara wamelala, mayu."

Akawapa. Wakabeba mawe ya kalavati iliyovunjika, wakayapanga chini ya chuma kinachoshika gurudumu, kisha wakachimba udongo mweusi chini ya tairi lililokufa mpaka likaning'inia. Wakalitoa. Jipya likagoma, kwa kuwa lilijaa upepo na lilitaka shimo refu zaidi.

"Kile chembamba kingekuwa kimeshaingia," Danford alisema.

"Kingeingia, halafu kingetuacha mbele. Chimba."

Pale jembe lisipopita, mzee aliingiza mikono. Tairi likakaa, nati zikabanwa, na gari likapanda kutoka shimoni likinguruma.

Walipofika, Januarius alikuwa ameshawasimulia watu. Mboje alipoingia tu, ukumbi ukalipuka, na mmoja akajifanya anazungusha jeki. "Fundi huyo! Mpeni kiti!"

"Karibu, mzee," Januarius alisema mezani. "Tulikuwa tunaingia kwenye kura."

Mboje hakuketi. "Gari la chama lilikuja na spea kubwa. Siku anakufa mke wangu haikuwemo. Ilikwenda wapi?"

Kicheko kikapungua. Januarius akafuta paji la uso, akatabasamu. "Ndugu wanachama, mtu aliyesahau jeki leo asubuhi ndiye anakuja kunifundisha habari za spea?"

Wakacheka tena, wengine wakipiga meza. Mboje akawaacha wacheke mpaka wakachoka.

"Nimesahau," alisema. Akanyanyua mikono, kucha zimejaa udongo. "Kosa langu nimelichimba kwa hii mikono. Lako, Januarius, mimi ndiye niliyelizika."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akamgeukia katibu. "Tuendelee na kura. Wanaoniunga mkono?"

Mikono ikabaki mapajani.

"Jibu kwanza," sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma.

"Felisita, kaa chini."

"Nimekaa. Wewe jibu."

Januarius akashika glasi ya maji, asinywe. "Ile spea," alianza, "iliazimwa."

"Na nani?" Mboje akauliza, bado amesimama.