Pasipoti ya Thelma

Afisa alikuwa ameshika pasipoti mbili mkononi, na hazikuwa na rangi moja.

Uel Gillespie aliliona jambo hilo kabla ya kulielewa. Kibanda cha uhamiaji hapo bandarini Cherbourg kilikuwa upande wa mkewe, Thelma, na Thelma ndiye aliyenyoosha mkono dirishani kutoa vitambulisho vyao. Uel alikuwa ametazama mbele tu, akingoja kizuizi kiinuliwe, akiwaza kama dizeli iliyobaki ingewafikisha kwa binti yao bila kusimama. Alipogeuza shingo, aliitambua pasipoti yake mwenyewe, ya buluu iliyokolea, ile aliyoipokea miaka miwili nyuma na kumwonyesha kila mgeni aliyeingia jikoni kwake. Chini yake palikuwa na nyingine, nyekundu ya zambarau, na juu ya jalada lake kilimeremeta kinubi cha dhahabu, nembo ya Jamhuri ya Ireland.

"Huyo kachanganya," Uel alisema. "Mwambie hiyo si yetu. Itakuwa ya wale wa gari la mbele."

"Hajachanganya," Thelma alijibu, bila kugeuka.

Afisa aliifungua ile nyekundu, akamtazama Thelma mara moja, akairudisha kwa tabasamu. Ile ya buluu aliichambua ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu atafutaye chuya katika sinia ya mchele. Mnakwenda wapi? Kwa nani? Kwa muda gani? Bwana ana barua ya mwenyeji wake? Ana bima ya matibabu?

"Naenda kwa binti yangu," Uel alisema, na damu ikampanda masikioni. "Tangu lini mtu akaandikiwa barua ya kwenda kumwona mwanawe?"

"Wengine huja nazo, bwana," afisa alisema kwa upole ambao ulikera kuliko ukali.

Ndipo Thelma alipoinamia dirisha. "Yuko na mimi," alisema. "Ni mume wangu."

Afisa akamtazama Thelma, akaitazama ile pasipoti ya buluu, akatikisa kichwa kukubali. Muhuri ukalia. "Bibi, karibu Ufaransa. Bwana, siku tisini."

Kizuizi kikainuka. Gari la nyuma likapiga honi, likapiga tena. Uel alikuwa amesahau kushusha breki ya mkono.

Alikuwa mtu wa miaka sitini na tisa, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aliyestaafu, kutoka nje kidogo ya Broughshane, katika Ireland ya Kaskazini. Bendera ya Uingereza iliyopepea langoni pake aliibadilisha kila majira ya kuchipua, maana upepo wa kule hauheshimu kitambaa. Kila tarehe kumi na mbili Julai alivaa mshipi wa rangi ya chungwa aliorithi kwa baba yake, akaandamana na ndugu wa chama chake, cha Waprotestanti watiifu kwa Uingereza, kwa ngoma na filimbi, kama baba yake na babu yake walivyoandamana. Alikuwa Mwingereza. Hakuwa na haja ya kulisema hilo, kama vile mtu hana haja ya kutangaza kwamba ana mifupa.

Siku ile ya kura ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, alimpeleka Thelma kituoni kwa gari. Waliingia pamoja, wakatoka pamoja, wakala samaki na chipsi garini huku vioo vikifunga ukungu. Hakumuuliza alipiga kura gani. Nani huuliza mkono wake wa kushoto una maoni gani?

Na sasa, akiliendesha lile gari-nyumba jeupe nje ya bandari, pamoja na kitanda chake, jiko lake na vikombe vilivyogongana kabatini, kichwa kilikuwa kikimvuma. Mambo madogo ya wiki zilizopita yalianza kumrudia, moja moja, kila moja na uso mpya. Miaka yote walikuwa wakivuka kwenda Skotlandi, wakaikata Uingereza nzima hadi Dover, ndipo wakavuka kwenda Ufaransa. Safari hii Thelma alikuwa amekata tiketi ya meli iendayo moja kwa moja kutoka Rosslare, kule kusini kabisa mwa Jamhuri ya Ireland.

"Niiendeshe Jamhuri yote, toka kichwani hadi kwenye kucha?" Uel alikuwa amelalamika.

"Ni nusu siku tu. Uingereza ni siku mbili, na magoti yako unayajua."

Akakubali kwa ajili ya magoti.

Melini walikuta malori yamejaa hadi hakuna pa kutupa kijiti. Kwenye chumba cha kulia, dereva mmoja wa Monaghan, upande wa Jamhuri, mwenye shingo ya fahali, alijibwaga mezani pao na sahani yake. "Zamani tulikuwa tunakatiza Uingereza sote," aliwaambia huku akitafuna. "Siku hizi makaratasi ni mazito kuliko mzigo. Nyie wa Kaskazini mmepiga kura, mzee, sisi ndio tumepanda meli!" Thelma alicheka. Alicheka kupita kiasi cha mzaha wenyewe, Uel aliona hivyo hata wakati ule. Sasa kile kicheko kilimrudia kama harufu ya moshi kwa mtu aliyekwisha kuiona nyumba ikiungua.

Aliendesha nusu saa. Kisha akaona sehemu ya kupumzikia kando ya barabara, karibu na shamba la matofaa yasiyo na jani hata moja, akaingiza gari, akazima injini.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu Oktoba. Sisi wa Kaskazini tunaruhusiwa ya Ireland pia."

"Nani aliyekushuhudia? Picha hizo hushuhudiwa na mtu wa heshima."

Thelma alikwenda nyuma, akabandika birika. Alijibu akiwa amempa mgongo. "Mchungaji Carswell."

"Carswell! Carswell wetu?"

"Alitafuta kalamu mezani kwake, akaikuta chini ya Biblia, akatia sahihi. Akasema picha yangu imetoka vizuri kuliko yake."

"Yake ipi?"

"Uel." Thelma akageuka. "Yeye na mkewe wanazo tangu mwaka ule ule wa kura."

Uel alihisi kama aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Alifungua mlango wa pembeni, akaketi kwenye kidaraja chake, baridi ya Februari ikimpiga usoni. Jumapili ngapi alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka mbele, akimsikiliza mtu yule akimwombea mfalme?

"Nani mwingine?"

"Unawataka wote?"

"Wote."

"Basi kaa vizuri." Thelma alihesabu kwa vidole, bila furaha ya kushinda. "Ivan wa duka la vipuri. Wale dada wawili wa Wylie. Daktari wa ng'ombe na wanawe watatu. Na Desmond."

"Desmond yupi?"

"Unamjua yupi."

Desmond aliyebeba bendera mbele yao kila Julai, kifua mbele, glavu nyeupe mkononi. Lori lilipita barabarani, gari lote likatikisika, nalo birika likaanza kupiga mluzi juu ya jiko, likapiga hadi Thelma akalionea huruma na kulizima.

"Kwa hiyo kijiji kizima kinajua," Uel alisema. "Mjinga ni mimi peke yangu. Mmenificha."

"Hakuna aliyekuficha. Hukuuliza."

"Na siku ile ya kura, mama? Wewe..."

"Usiniulize jambo ambalo jibu lake umeshalijua."

Akamletea kikombe cha chai na kipande cha mkate wa magadi aliouoka mwenyewe kabla ya safari. Uel alivipokea, akavishika tu. Alimtazama mkewe akiketi juu ya ukingo wa kitanda, magoti pamoja, kama mtu anayengoja zamu yake hospitalini. Walikuwa wameoana miaka arobaini na minne. Aliwajua ng'ombe wake kwa kukohoa kwao gizani. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema. Lakini huyu hakuwa amemla chochote. Hilo ndilo lililomchanganya. Alitafuta jeraha lilipo ili akasirike sawasawa, asilipate.

"Ulitaka nini nayo?" aliuliza, sauti imeshuka. "Kupanga foleni fupi?"

"Lorna," Thelma alisema.

Binti yao alikuwa na miaka arobaini na moja. Aliolewa na mfuga chaza wa Brittany, magharibi mwa Ufaransa, akapoteza mimba mbili. Hii ya tatu ilikuwa na miezi saba, na daktari alikuwa amemwamuru alale kitandani, asiinuke ila kwa choo.

"Unakumbuka mara ya pili?" Thelma alisema. "Tulikuwa kwake. Alikuwa ametoka hospitali siku nne tu. Tukaondoka tarehe kumi Julai."

Uel alikumbuka.

"Tuliondoka ili uwahi maandamano. Lorna alisimama dirishani akatupungia mkono, bado yuko na gauni la kulalia. Wewe ulikuwa unapima upepo wa matairi. Nilimwona mimi. Njia nzima, toka kwake hadi nyumbani, nilikuwa nimeuma ulimi, nikajiapiza: mara nyingine sitaondoka mpaka mwanangu aniambie niondoke. Halafu mkapitisha hayo mambo yenu, nikasoma gazetini kwamba mtu wa kwetu atahesabiwa siku zake za kukaa. Siku tisini!" Sauti yake ilipanda, naye akaishusha kwa nguvu. "Sihesabiwi siku za kukaa na mwanangu, Uel. Si na Ufaransa, si na chama chako, wala na wewe."

"Utakaa hadi lini?"

"Mpaka mtoto atembee."

"Huo ni mwaka mzima!"

"Wengine hutembea mapema."

"Na mimi je?"

"Wewe unazo tisini. Umezipigia kura mwenyewe."

Neno lile lilimtoka na makali, na wote wawili wakalisikia likitua. Thelma alitazama mikono yake. Uel alimwaga chai majanini, polepole, kisha akakaa akikitazama kikombe kitupu. Kumbe hasira aliyokuwa akiingoja ilikuwa imekuja, lakini ilikuwa imegeuza uso, ilimtazama yeye. Alimwona Lorna dirishani, kama ambavyo hakumwona siku ile. Aliona gauni la kulalia. Hata rangi yake hakuijua, akaogopa kuuliza.

"Hebu nionyeshe," alisema.

Thelma alisita, kisha akaitoa pasipoti kwenye mkoba, akampa. Juu ya jalada, juu ya kile kinubi, paliandikwa maneno ya lugha asili ya Ireland ambayo Uel hakuweza hata kuyatamka. Aliifungua. Picha ilipigwa katika duka la dawa mjini Ballymena. Aliikumbuka siku yenyewe, maana alimngoja garini dakika ishirini, na alipotoka akamgombeza, naye akasema kulikuwa na foleni. Mwanamke wa pichani alikuwa ameinua kidevu. Hakutabasamu, kwa kuwa sheria haikuruhusu, na bila lile tabasamu la kuwatuliza watu uso wake ulikuwa na mifupa ambayo Uel hakuwahi kuiona. Ulikuwa uso wa mtu aliyekwisha kuamua. Aliutazama muda mrefu, akatamani kumuuliza huyo wa pichani, na si huyu wa kitandani, ni mambo mangapi mengine ameyaamua akiwa ametulia kimya kando yake.

"Hukucheka," alisema tu.

"Walinikataza."

Alimrudishia. Akarudi kwenye usukani, akaingiza ufunguo, lakini mguu ukaachia klachi mapema mno. Injini iliwaka, ikazimika. Ikawaka, ikazimika tena.

"Nipishe," Thelma alisema.

"Hili hujawahi kuliendesha."

"Najua. Nipishe."

Wakabadilishana viti. Thelma alisogeza kiti mbele, akarekebisha vioo, akaingia barabarani kwa mwendo wa mtu abebaye mayai. Kilomita chache baadaye walilifikia trekta lililovuta tela la samadi, likijikokota katikati ya njia, na harufu yake ikaingia garini, harufu ya nyumbani kabisa. Thelma alisogea kushoto kidogo, akarudi. Usukani wa gari lao ulikuwa kulia, kama wa magari yote ya kwao, na Wafaransa huendesha upande huo huo wa kulia. Kutoka pale alipoketi hakuona kitu ila matako ya tela.

"Sioni mbele," alisema. "Inabidi uwe macho yangu."

Uel alishusha kioo, akatoa kichwa nje. Upepo ulimtoa machozi. Aliona barabara yote ambayo mkewe hakuiona: kona, nyumba ya mawe, gari dogo jeupe likija mbio.

"Bado," alisema.

Gari jeupe likapita. Nyuma yake alikuja mzee juu ya baiskeli, akiwa na mkate kwapani.

"Bado, mama. Bado."

Thelma hakumtazama. Mikono yake miwili ilikuwa imeushika usukani, kidevu juu. Mzee wa baiskeli akapita, akainua kofia. Mbele ya trekta njia ilinyooka kati ya nyua za miti, tupu, ikielekea magharibi, na Uel akavuta pumzi ili aseme.

"Sasa," alisema, naye Thelma alikuwa amekwisha kukanyaga mafuta.