Siku Clarrie Alipokuwa na Adabu

Des Pascoe alisimama nje ya mlango wa wavu, kofia mkononi, akingoja kutukanwa.

Zamani hakungoja. Alikuja kwa miguu kutoka shamba lake la jirani, akaacha geti wazi nyuma yake, na kabla hajafika barazani mume wangu Clarrie alikuwa ameshapaza sauti jikoni: "Potelea mbali, Des! Na ufunge hilo geti, kondoo wangu watatoka!"

"Waache watoke. Nao wamekuchoka, zee baya wewe."

Kisha anavuta kiti, nami namimina chai. Wanaume wa kwetu hupendana hivyo. Kadiri tusi linavyokuwa zito, ndivyo kiti kinavyokuwa chako. Mwaka ambao Des alifiwa na mkewe, Clarrie alimfukuza kila jioni, na kila jioni alikuwa ameshamwekea sahani mezani.

Halafu Des akaiuzia kampuni ya makaa ya mawe shamba lake. Hakutuambia. Tulijua siku mitambo ilipoanza kutoboa ardhi kando ya ua wetu. Clarrie hakupiga kelele. Nilitamani apige.

Sasa Des alikuwa anahamia pwani kwa binti yake, amekuja kuaga. Kabla ya kubisha alikuwa ametua kizingitini ndoo ya malimau ya mti wake, yale ninayopikia jemu.

"Karibu ndani, Bwana Pascoe," alisema Clarrie.

Nilimfungulia Des mlango wa wavu.

"Clarrie, ni mimi, bwana. Nifukuze basi."

"Keti, tafadhali. Noreen, mpe mgeni sukari."

Des hatii sukari kwenye chai. Clarrie anajua hilo kama anavyojua jina lake. Hata hivyo Des alichota kijiko kimoja, akakoroga, akanywa.

"Nilikuwa peke yangu mle nyumbani," alisema. "Kila chumba kimya. Ningekwambia nauza, ungenizuia, nami ningekubali. Ndiyo maana sikusema."

"Naelewa kabisa. Asante sana kwa kupita."

Nilimfungia kipande cha keki katika kitambaa safi, nikamsindikiza. Barazani aligeuka, akaita kupitia wavu kwa sauti aliyojaribu kuichangamsha: "Haya, naondoka, zee baya wewe!"

Tukasikiliza, yeye na mimi. Ndani, kijiko kiligonga kisahani. Basi.

Des akanibusu shavuni, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya, akashuka ngazi polepole.

Niliporudi, Clarrie alikuwa ameligeuzia dirisha mgongo. Chai ya Des ilikuwa bado inafuka moshi.

"Ameacha geti wazi?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ilikwaruza kidogo.

"Hapana," nilisema. "Amelifunga. Na mnyororo ameutia."