Barua ya Kuhama ya Mwai

Katika kanisa la Kimethodisti lililo juu ya Wamagana, Jumamosi ya pili ya kila mwezi ni siku ya vikapu. Wanawake hupanga mafungu kwenye benchi za mbele: unga, maharagwe, sukari, majani ya chai, kipande cha sabuni. Ukisikia watu wa huko wakitaja darasa, usifikirie shule. Darasa ni waumini wa upande mmoja wa kijiji, kumi au ishirini hivi, waliokabidhiwa kiongozi mmoja wa kuwaangalia. Mzee asiyeweza kufika ibadani, kiongozi wake humbebea fungu mpaka mlangoni, akakaa naye, akamwombea, akaondoka.

Gacheri alikuwa kiongozi wa darasa la kule chini ya kilima. Alizaliwa Meru akaolewa Nyeri, sasa alikuwa mjane wa miaka sita, na ulimi wake haukungoja zamu.

"Kwa Cucu Ngendo, mafungu mawili," alisema.

Mchungaji Kiambi, aliyekuwa na miezi mitatu tu katika kanisa lile, aliinua macho. "Si huyo bibi mzee anaishi peke yake?"

"Orodha inasema wawili. Ngendo na Mwai."

"Mwai ni nani?"

Wanawake wakatazamana. Anita, mweka orodha, ndiye aliyejibu. "Ni bwana yake. Alitoka asubuhi kutafuta ng'ombe amekata kamba, akaingia kwa ukungu upande wa msitu. Ng'ombe ilirudi. Hiyo ni miaka ishirini na tisa."

"Basi alikufa."

"Nani alimzika?" Gacheri akamuuliza. "Mtu anatoka kwa orodha akifa, ama akihama na barua, ama aseme mwenyewe hataki kanisa tena. Mwai hajafanya hata moja. Nimfute niseme nini?"

"Wewe dada ungekuwa wakili," mchungaji akasema, akicheka, lakini kicheko hakikukaa. "Haya, mpelekee mafungu yake. Lakini leo usirudi bila huyo mama. Kilima kimepasuka."

Kila mtu alijua. Mvua za Mei zilikuwa zimepiga wiki mbili mfululizo, na Alhamisi watu wa kaunti walikuja wakachora alama nyekundu kwenye nyumba saba. Sita zilikuwa zimehamwa. Wachuka, binti yake Ngendo aliyeolewa Gakindu, alikuwa ametandika kitanda. Muchiri, kijana wa kanisa, alikuwa na pikapu inangoja barabarani. Aliyekataa ni Ngendo peke yake, na mawingu yalikuwa yanashuka tena.

Gacheri alishuka na kikapu mgongoni. Ukungu ulikuwa mzito, akawa anaona hatua tano mbele na tano nyuma. Katikati ya shamba la chai akaufikia ule ufa. Safu moja ya chai ilikuwa imezama kimo cha mtu, ya pili imebaki juu na mizizi yake inaning'inia hewani. Aliuzunguka kwa mbali.

Gikonyo, jirani ya Ngendo, alikuwa anang'oa mabati ya nyumba yake mwenyewe.

"Gikonyo, asante kumchotea cucu maji," Gacheri akamwambia. "Kila nikija pipa imejaa."

Yule bwana alishusha nyundo. "Mimi? Mimi sijamchotea hata kikombe. Si ni nyinyi watu ya kanisa?"

Gacheri akashika njia tena. Ngendo alivunjika nyonga miaka miwili iliyopita. Alitoka kitandani hadi jikoni kwa kushika ukuta, na mto ulikuwa chini kabisa ya bonde.

Alimkuta jikoni, karibu na moto, mwembamba kama alivyokuwa siku zote. Viti vilikuwa viwili, vile vifupi vya miguu mitatu. Vikombe vilikuwa viwili, na ndani ya kila kimoja majani ya chai yalikuwa bado yanatoa mvuke.

"Umechelewa, Mmeru," Ngendo akasema. "Mwenzangu amekunywa, ametoka."

"Ametoka kwenda wapi na hii baridi?"

"Najua mimi? Huwa haambii mtu. Ata hiyo siku ya ng'ombe hakuniambia."

Gacheri alikuwa amesikia maneno kama hayo mara nyingi, na siku zote aliyapokea kama maneno ya uzee. Lakini siku hiyo macho yake yalishuka sakafuni. Kutoka mlangoni hadi kwenye kile kiti cha pili kulikuwa na alama za gambuti, vile viatu virefu vya mpira, kubwa, zenye tope bichi. Hakukuwa na alama za kurudi.

Aliweka kikapu chini polepole.

"Cucu, tuondoke. Kilima inakuja. Wachuka anakungoja Gakindu."

"Wachuka ni mtoto mzuri. Mwambie nimesema siendi."

"Utakufa hapa."

"Na nikienda, huyu atanipata wapi? Alipotea mara moja, Gacheri. Miaka ishirini na tisa anajaribu kufika nyumbani, na anafika nusu nusu. Leo anafika kwa maji, kesho anafika kwa kuni. Nikitoka nimwache hapa, atapotea mara ya pili, na hiyo itakuwa mimi nimempoteza."

"Basi aje na sisi. Pikapu ya Muchiri iko na nafasi."

Ngendo alimwangalia kama mtu anayemwangalia mtoto mjinga. "Mwai? Mwai alikuwa mshika funguo wa kanisa. Hakuketi kwa darasa ya mtu mwingine siku hata moja bila barua. Mwandikie barua ya kuhama kama vile utaniandikia mimi, na umsomee. Hapo nitainuka."

Matone yakaanza kupiga bati. Gacheri alikuwa na kitabu cha barua za kuhama ndani ya kikapu, maana alijua Ngendo hangeenda Gakindu bila yake. Kila mshiriki anayehama huandikiwa: jina lake, darasa analotoka, kanisa na darasa analokwenda, sahihi ya kiongozi. Kisha husomewa kwa sauti, ili ajue ametumwa na watu wake, hakufukuzwa. Gacheri aliandika ya Ngendo, akamsomea, na yule mama akaikunja akaitia kifuani.

Akageuza ukurasa. Akaandika jina la Mwai. Akaandika darasa analotoka. Akatia sahihi yake chini, upesi, kwa sababu Muchiri alikuwa anapiga kelele huko nje: "Mama Gacheri! Toka! Kilima inatembea!"

"Msomee," Ngendo akasema.

Gacheri alikielekea kile kiti kitupu. "Mwai, mshiriki mwaminifu, anatoka kwetu na baraka zetu," akasoma, na sauti yake ikamjia kama ya mtu mwingine. Moto ulilala ubavu, ukasimama tena. Akaichana barua kutoka kitabuni, akaiweka juu ya kiti, kisha Muchiri akaingia, akambeba Ngendo mgongoni kama gunia la manyoya, wakatoka.

Walipanda kwa haraka, wao na Gikonyo. Gacheri alikuwa wa mwisho, na nyuma yake alisikia gambuti zikivutwa kutoka kwenye tope, hatua kwa hatua. "Gikonyo, pita mbele basi," akasema bila kugeuka.

"Niko mbele," Gikonyo akajibu kutoka kwenye ukungu, juu yao.

Kilima kilishuka saa tisa mchana. Kilichukua chai, nyumba saba, miti na njia, kikavirundika mtoni. Hakuna aliyekufa. Jumapili watu walisimama kanisani wakamshukuru Mungu, na Mchungaji Kiambi akamsimamisha Gacheri mbele, wakampigia makofi.

Jumatatu asubuhi Gacheri aliamka akakuta pipa lake la nje limejaa mpaka mdomoni. Akadhani ni mvua, lakini mfuniko ulikuwa juu yake. Kuni zilikuwa zimepasuliwa, zimepangwa ukutani kwa namna ambayo hakuwahi kuzipanga. Alisimama hapo na nguo yake ya kulalia, kisha akaingia jikoni kuweka chai. Kwenye kiti cha marehemu mume wake kulikuwa na karatasi.

Aliijua kabla ya kuikunjua. Ilikuwa na tope pembeni. Jina la Mwai lilikuwa pale, na darasa analotoka. Mahali pa kanisa na darasa analokwenda palikuwa peupe. Hakuwa ameandika chochote. Jina la mtu aliye hai lililokuwa kwenye barua ile lilikuwa moja tu, lake yeye, kwenye sahihi, na ndilo alilolifuata.

Simu ikalia. Alikuwa Gladwell, kiongozi wa darasa huko Gakindu, mwanamke wa sauti kubwa ambaye walijuana kutoka mikutano ya akina mama.

"Gacheri wee! Huyu mama mmetuletea hali yake si nzuri. Tangu Jumamosi ni maji kidogo tu. Wachuka analia. Ati anasema kuna mtu mmemwacha njiani."

"Mpeni uji mwepesi," Gacheri akasema. "Atazoea."

Alikata simu akajua amedanganya. Kalamu ilikuwa hapo mezani. Neno moja tu, Gakindu, na kusoma mstari mmoja. Lakini alimimina chai, na mkono wake, bila kuuagiza, ukamimina na kikombe cha pili.

Sitakuficha, aliogopa. Siku nzima alifanya kazi akiwa amekipa kile kiti mgongo. Lakini hofu ile ilikuwa na joto ndani yake. Kwa miaka sita nyumba hiyo haikuwa na mlio ambao si wake yeye. Sasa ubao ulilia upande wa pili wa chumba. Kuku waliingia bandani bila kufukuzwa. Alipomwambia mtu mvua inakuja, na hakukuwa na mtu, hakujiona mwendawazimu. Kikombe cha pili alikikuta kitupu. Akakiosha, akakirudisha karibu na chake.

Jumanne Gladwell alipiga tena, na mara hii hakupaza sauti.

"Hafungui mdomo. Ata maji amekataa. Daktari amekuja, anasema hakuna ugonjwa anaona. Gacheri, ni nini mlimwahidi huyu mama?"

"Niambie darasa yako inaitwaje sasa."

"Si unaijua? Darasa la Mukurweini Chini. Kwani ni ya nini?"

"Kuna barua sikumaliza."

Aliketi. Nje ukungu ulikuwa umefika mpaka dirishani, mchana kweupe. Alishika kalamu, na kwa kitambo hakuiweka kwenye karatasi. Aliona jinsi ilivyo rahisi kuiacha hivyo. Ngendo alikuwa na miaka themanini na minne, watu wangesema umri. Wangemzika vizuri, mafungu ya chakula yangepelekwa matangani, na yeye angeongoza wimbo.

Wazo hilo lilimwogopesha kuliko gambuti zote.

"Unisamehe," akakiambia kile kiti. "Nilikushika kama kitu nimeokota."

Akaandika kanisa, akaandika darasa, herufi kubwa, akipitisha kalamu mara mbili. Kisha akasimama, kwa sababu barua ya kuhama husomwa ukiwa umesimama, akaisoma yote tangu mwanzo bila kukimbia. Mwai, mshiriki mwaminifu. Anatoka darasa la Gacheri. Anakwenda Gakindu, kwa mke wake.

Hakuna kilichoanguka wala kupiga kelele. Karatasi tu ilikuwa mkononi mwake, kisha haikuwa. Aliitafuta chini ya meza, kwenye majivu, ndani ya nguo yake. Alipoinuka mlango ulikuwa wazi, na ukungu ulikuwa unaingia mahali ambapo mtu alikuwa ametoka.

Hakuufunga. Alikaa akitazama kikombe kimoja kikipoa, na ukimya wa ile nyumba ukarudi wote kwa pamoja, ukamkalia mabegani.

Ilikuwa kama saa kumi Gladwell alipopiga. Nyuma yake vijiko vilikuwa vinalia kwenye sufuria.

"Amekula! Uji bakuli mbili, sasa anataka ugali. Ati anatutuma kama sisi ni watoto. Mungu ni mwema, lakini nyumba ya Wachuka imeingia baridi mbaya, mlango wa mbele umefunguka wenyewe na hakuna upepo. Nishaufunga, umefunguka tena."

"Ufunge sasa," Gacheri akasema. "Ameshaingia."

"Nani ameingia?"

Gacheri aliangalia huko nje, akainuka, akafunga na mlango wake.