Sauti ya Maribeth Kwenye Redio

Kaka yangu Verlin aliendesha magari ya mbio kwa miaka kumi na tisa bila kushinda hata shindano moja, na miaka yote hiyo mkewe alikuwa masikioni mwake. Nasema masikioni kwa maana yake halisi. Verlin alikuwa na kidude cha redio ndani ya kofia yake ya chuma, na Maribeth alisimama ukutani kwenye kituo cha mafundi, hedifoni kichwani, saa mkononi, akimwongoza: nani yuko mbele, nani anakuja nyuma, mafuta yamebaki kiasi gani.

Siku za kazi Verlin alitengeneza mashine za kukamulia maziwa, maana kwetu Plymouth, Wisconsin, kila njia inaishia zizini. Ijumaa tulipakia gari kwenye trela na kuondoka. Lilikuwa gari la aina wanayoiita prototaipu, fupi, limelala chini kama kobe, halikuundwa limpeleke mtu dukani wala kanisani ila likimbie tu. Shindano letu lilikuwa la prototaipu ndogo, na kila mwaka lilitutembeza Marekani na Kanada, tangu Florida mwezi wa Machi hadi Georgia mwezi wa Oktoba. Mimi, Duane, mdogo wake, nilikuwa mtu wa matairi.

Mwaka ninaousimulia, Verlin alikuwa na miaka hamsini na tisa, na kwa namna ambayo hata yeye hakuielewa, alikuwa wa pili kwa pointi za mwaka huo. Aliyemtangulia ni Réal Gauvreau, Mkanada wa Trois-Rivières, mwenye gari la bluu.

Wiki moja kabla ya mbio za Elkhart Lake, mwendo mfupi tu kutoka kwetu Plymouth, Maribeth alinikuta gereji peke yangu.

"Shemeji, funga huo mlango."

Nikaufunga. Tangu majira ya kuchipua sauti yake ilikuwa imekauka. Verlin alikuwa akimtania kwamba ameoa chura. Sasa aliniambia alikuwa amekwenda Milwaukee kwa daktari mara tatu, kila mara akimdanganya mumewe kwamba anakwenda kwa dada yake. Ilikuwa saratani ya koo, nayo ilikuwa imekwenda mbali. Jumanne baada ya mbio wangekiondoa kisanduku cha sauti chote.

"Chote?" nikauliza.

"Chote, Duane. Nitapumulia tundu hapa." Akagusa shingo. "Nitaishi, wanasema. Kuongea ndiyo basi."

"Na kaka anajua?"

"Akijua hatawasha hata injini. Unamjua. Miaka kumi na tisa, shemeji, na safari hii ana gari. Namwambia Jumapili jioni. Na wewe ukifungua mdomo nitakunyonga kabla hawajanikata."

Nikanyamaza. Wapo watakaonilaumu, na nimejilaumu mwenyewe vya kutosha.

Jumapili hiyo jua lilikuwa kali. Moshi wa soseji ulikuwa umetanda mlimani, na watu walikuwa wamekaa kwenye viti vyao vya kukunja tangu asubuhi, bia mkononi. Kabla ya kuanza, Maribeth aliinama kwenye gari na kumkaza mumewe mikanda kama kawaida yake.

"Usilale, mzee."

"Nitalalaje na chura anapiga kelele sikioni?"

Akampiga kofi dogo juu ya kofia. Nikageukia matairi yangu, maana sikuweza kuwatazama.

Mbio zilikuwa za saa moja na dakika arobaini. Verlin aliendesha kuliko siku zote nilizomwona. Tulipombadilishia matairi na kumjazia mafuta alikuwa wa tatu, na mizunguko kumi baadaye alikuwa wa pili, ameunganisha pua ya gari lake na mkia wa gari la bluu. Maribeth hakuacha kuongea. Sasa najua alikuwa akifanya nini, alikuwa akiitumia sauti yote iliyobaki. Alimpa hesabu, akamtania, akamwambia upepo umegeuka kule chini. Lakini sauti ilikuwa inakatika. Neno moja lilitoka, mawili yakabaki kooni.

"Gauvreau ana... tairi la nyuma... kushoto lime..."

"Nini? Sisikii!"

"Tairi... la kushoto..."

Hapo Verlin akakosea breki kwenye kona ya tano, akaingia majanini, akarudi barabarani vumbi tupu. Nafasi aliyoihangaikia nusu saa ikapotea. Nilikuwa na hedifoni zangu, nilisikia kila kitu.

"Maribeth, unanikwaruza masikio! Nyamaza! Nyamaza kabisa, niache niendeshe!"

Mtu aliye kwenye kasi ile hapimi maneno. Mafundi wa timu zote hufokewa hivyo na kusahau kabla ya jioni. Maribeth naye alikuwa amefokewa mara mia, na kila mara alijibu kwa tusi zuri zaidi. Safari hii alisimama tu, mkono bado kwenye kitufe. Kisha akavua hedifoni polepole, akazikunja waya zake vizuri, akanipa.

"Mwongoze wewe," alininong'oneza. "Mwambie tairi la Gauvreau la nyuma kushoto limekwisha. Akambane kulia, kwenye ile kona wanayoiita Canada."

Nikamwambia. Nilisema maneno yale yale, kwa sauti yangu nzito ya mtu wa matairi, na Verlin akayafanya. Zilipobaki dakika sita alimfikia tena Gauvreau. Mzunguko wa mwisho, kona ya Canada, akambana kulia, gari la bluu likateleza, na kaka yangu akapita. Bendera ya mirabaraba ilimpungia wa kwanza. Watu wazima walilia. Mtengeneza mashine za maziwa wa Plymouth ameshinda nyumbani!

Alitoka kwenye gari jasho likimchuruzika, akamkumbatia mkewe, akamwinua juu. Mbele ya wote akasema kwa kicheko, "Mmeona? Siri ni moja tu. Miaka kumi na tisa nilitakiwa kumwambia huyu mwanamke anyamaze!"

Watu wakaangua kicheko. Maribeth naye alitabasamu. Nilikwenda nyuma ya trela nikajifanya napanga matairi.

Maribeth alimwambia palepale nyuma ya trela, saa moja baadaye, kombe likiwa bado mkononi mwa Verlin. Hakuwa na sauti ya kusimulia. Alisema vipande vipande tu. Jumanne. Milwaukee. Wanaiondoa. Kaka yangu aliuliza, "Wanaondoa nini?" mara mbili, kama mtoto. Alipoelewa, aliliweka kombe chini kwenye changarawe, taratibu, akakaa kando yake.

"Ongea," akamwambia. "Maribeth, ongea. Sema chochote. Nitukane."

Akajaribu. Ilitoka pumzi tupu. Mchana mzima wa kelele ulikuwa umeimaliza sauti.

Jumatatu Verlin alipiga simu hospitali akiomba waahirishe wiki moja, siku tatu, siku moja. Walimjibu kwa upole kwamba ugonjwa hauahirishwi. Alimchemshia chai ya asali, akamketisha barazani, akamsubiri. Alipata minong'ono michache. Jumanne asubuhi, kitanda kikisukumwa kwenda chumba cha upasuaji, alitembea kando yake akimshika mkono, akitarajia neno kubwa. Maribeth alimvuta kola, akalisogeza sikio lake karibu.

"Umesahau kumpa paka chakula," akasema.

Ndilo lililokuwa la mwisho. Verlin alinieleza mwenyewe, mwaka uliofuata.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kaka yangu alijifunza kusafisha lile tundu, kwa vidole vilivyozoea boliti, na nilishangaa ulaini wake. Maribeth aliandika kwenye kidaftari. Aliandika mengi, na mengi yalikuwa amri. Amri kubwa kuliko zote ilikuwa moja: twende Georgia tukamalize. Zilikuwa mbio za mwisho za mwaka, na Verlin sasa alimtangulia Gauvreau kwa pointi kumi na moja. Alihitaji kumaliza wa sita tu awe bingwa.

Hakutaka. Maribeth aliandika, "Nilinyamaza kwa ajili ya nini basi?" Akapakia mabegi.

Georgia niliishika redio mimi. Maribeth alikuwa ukutani na ubao mweupe na kalamu nene, kitambaa cha bluu shingoni. Verlin alianza wa nne, na alikuwa wa nne mzunguko wa kumi. Hakuwa ameniongelesha hata mara moja. Mzunguko wa kumi na moja akaingia kituoni, bila kuitwa, akazima injini.

Nikamkimbilia. "Kaka, nini kimeharibika? Gia?"

"Gari ni zima," akasema, mikono bado kwenye usukani. "Kumekuwa kimya mno humu ndani, Duane. Siwezi."

Maribeth alikuja mbio. Aliandika kwa herufi kubwa, RUDI NJIANI, akamwekea ubao mbele ya uso. Verlin akatikisa kichwa. Maribeth akafuta kwa mkono, akaandika tena, kalamu ikikwaruza, RUDI. Magari yalikuwa yakipita nyuma yetu kwa mngurumo, gari la bluu likiwa mojawapo, na ubingwa ukienda nalo. Verlin alifungua mikanda, akatoka, akavua kofia. Alikuwa amelowa machozi hadi kidevuni.

Maribeth akampiga na ule ubao begani. Akampiga tena, na tena, na yeye akasimama tu apigwe. Kisha ubao ukaanguka, akamshika mumewe kwa mikono miwili, akalia. Hakukuwa na kilio cha kusikika. Pumzi zilitokea shingoni, kali, za haraka, na kile kitambaa cha bluu kilikuwa kikipanda na kushuka, kikilowa.

Nililisukuma gari hadi kwenye trela, nikalifunga minyororo.