Mtu Aliyeruka kwa Niaba ya Dencio Malvar

Saa kumi za jioni, mwezi wa Aprili, joto la Manila likiwa limewalaza hata mbwa wa mtaani, Dencio Malvar alishuka kwenye gari la kampuni ya filamu akaingia kwake kwa mlango wa jikoni, na Teban Lacsina akaingia nyuma yake. Perpetua, mke wa Dencio, alikuwa anakoroga mchuzi mchachu wa nguruwe. Alisikia miguu ya watu wawili, akatoa sahani mbili.

"Karibu, Teban. Usikae karibu na jiko, utaungua."

"Asante, shemeji."

Wanaume hao walikuwa wamevaa sawasawa: fulana nyekundu, suruali ya kaki, viatu vya kisigino. Ilikuwa lazima, kwa sababu Teban alikuwa dabo wa Dencio. Filamu ikitaka Dencio avunje kioo kwa kichwa au abingirike na pikipiki inayowaka moto, Dencio alikwenda kivulini na soda yake, na Teban akavunja kioo. Migongo yao ilifanana mno. Katika sikukuu moja ya mtakatifu wa mtaa, Perpetua mwenyewe alimfinya Teban kiunoni kwa kudhani ni mumewe, na jambo hilo halizungumzwi katika nyumba ile.

Vumbi la chokaa lilikuwa linamdondoka Teban mabegani. Perpetua alilifagia, likadondoka jingine.

"Kifundo cha mguu vipi?" Dencio aliuliza, huku akinawa. "Niliambiwa umekitegua pale uliporuka, wamekukimbiza hospitali."

"Hakiumi. Hakuna panaponiuma, kaka. Ila nilitaka kukuuliza, mimi nimefikaje hapa?"

"Si umekuja na gari?"

"Garini mlikuwa wewe na dereva."

Perpetua akaweka mwiko chini. Alimtazama Teban usoni na hakuona tone la jasho. Wali aliompakulia ulikuwa umeshapoa, na wa Dencio, uliotoka sufuria hiyohiyo, bado ulikuwa unafuka moshi.

"Dencio, mlipotoka kazini mlipita wapi?"

"Hatukupita popote. Tumekuja moja kwa moja."

"Hata kahawa hamkunywa?"

"Kahawa ya nini, Perpetua? Kwani tumetoka msibani?"

Watu wa mji ule wakitoka kwenye maiti hawaendi nyumbani moja kwa moja. Hupita kwanza mkahawani, dukani, popote penye watu, ili marehemu akiwa anawafuata apotezane nao hukohuko. Dencio aliijua desturi hiyo tangu utotoni na hakuwahi kuivunja. Lakini mtu hupita mahali akijua kwamba ametoka kwenye maiti, na Dencio aliambiwa ametoka kwenye kifundo cha mguu.

"Basi nimekufa," alisema Teban.

"Inaelekea hivyo, shemeji yangu," alisema Perpetua, akaichukua sahani ya Teban taratibu, chakula kisiharibike.

Teban akawasimulia anachokumbuka. Lilikuwa jengo bovu kando ya mto Pasig, na alitakiwa aruke kutoka juu aangukie maboksi. Maboksi yalikuwa machache. Alilisema hilo, akaambiwa muda ni pesa. Kwa hiyo akaruka.

Dencio hakula tena. Kila shabiki wake, kuanzia wauza samaki hadi masista wa shule, aliamini kwamba anaruka mwenyewe, na mkataba wake na kampuni ulimkataza kusema vinginevyo maisha yake yote. Miaka mingi nyuma, kabla ya umaarufu, alikuwa akibeba taa za kupigia picha, na alikuwa bado anaota usiku kwamba amerudishwa kwenye taa.

Asubuhi yake alikwenda ofisini kwa Bosi Florencio, mwenye kampuni. Teban alikwenda naye, kwa kuwa hakuweza kwenda kwingine. Alikuwa amemfuata Dencio, basi kila alikokwenda Dencio ndiko alikokwenda na yeye. Akasimama nje ya mlango, akidondosha chokaa kwenye zulia.

"Bosi, Teban amekufa," alisema Dencio.

"Nani kasema? Teban katoroka. Kaenda Davao na mcheza dansi mmoja. Mkewe tumeshampelekea habari, masikini."

"Yuko kwangu tangu jana."

"Enhe. Akiwa kwako anazungumza, si basi hajafa?" Bosi Florencio alikuwa mtu wa hesabu safi. "Na kama hajafa na kazini hayupo, katoroka. Mwambie arudishe fulana yetu."

"Na mwili wake?"

"Mwili gani, Dencio?" Bosi akafungua droo akatoa biskuti, akamsogezea. "Umechoka. Tumeshapata mtu mpya kutoka Cebu. Ana mgongo mzuri sana."

Dencio akachukua biskuti, akasema asante, akatoka. Nje ya mlango Teban alikuwa ameshasikia yote, maana mlango ulikuwa wa mbao nyembamba.

Teban akakaa. Hakuwa mzigo. Alishika ngazi Perpetua akibadilisha pazia, na akiwekwa sebuleni sebule nzima ilipoa, hata majirani wakaanza kuleta soda zao na kuzipanga miguuni pake. "Samahani, Teban," walisema, "naiacha hii kidogo." Yeye alisema hakuna neno. Walimpa pole kwa kufa, wakampa habari za mtaa, wakarudi jioni kuchukua chupa zao. Kwa joto la mwaka ule, nyumba ya Dencio ilionewa wivu.

Lakini kila jioni Teban aliuliza jambo moja.

"Kaka, Loring anasemaje?"

Loring alikuwa mkewe, muuza ndizi za kukaanga karibu na kanisa huko Tondo. Perpetua ndiye aliyekwenda kusikiliza, na hakurudi na maneno ya kupamba. Loring alikuwa amezitupa nguo za mumewe kwenye mfereji, zote isipokuwa shati la harusi. Alikuwa amemfundisha binti yao Nening, wa miaka mitano, kwamba akiulizwa baba yuko wapi ajibu: baba ni mbwa, kafuata mfupa Davao. Na kwa kuwa kwake Teban alikuwa mzima tena anastarehe, hakuna aliyemsomea sala hata moja.

Teban alisikiliza yote.

"Kufa nimekufa, sina ugomvi na hilo," alisema. "Lakini mke wangu amekaa pale si mjane si mke, kila asubuhi anaamka ananichukia. Nipeleke, kaka. Bila wewe sifiki."

"Nitakupeleka."

"Lini?"

"Nitakupeleka tu, Teban."

Siku zikapita, Dencio akiwa na kazi hii na kazi ile. Siku moja alisema gari bovu. Siku nyingine alisema mvua, na nje kulikuwa kukavu mpaka ardhi inapasuka. Ukweli ni kwamba aliogopa, na aliogopa kweli. Loring angepiga kelele, Tondo nzima ingesikia, habari ingefika kwa Bosi, na Dencio angerudi kwenye taa. Perpetua alimvumilia, halafu akachoka.

"Mwanaume wewe," alimwambia mbele ya majirani na soda zao, "kwenye mabango unaruka maghorofa, moto nyuma, kisu mdomoni. Kushuka Tondo kwa muuza ndizi, magoti yanagongana! Nikukodie dabo?"

Majirani walicheka. Teban naye alicheka kidogo, halafu akaacha kwa heshima. Dencio akavaa kofia yake na miwani myeusi, akatoka bila kuaga, na Teban akainuka nyuma yake.

Loring alikuwa kwenye karai lake, mafuta yanalia. Alimwona Dencio, akataka kuinuka kwa adabu. Kisha akaona mgongoni kwa Dencio kuna nani, akakaa tena na kushika koleo vizuri.

"Aa! Umerudi, mbwa wewe? Mcheza dansi keshakuchoka? Kakupaka na poda, tazama, mwili mzima poda! Huoni haya, unakuja umejificha nyuma ya mtu?"

"Loring, sikwenda na mtu."

"Davao kuzuri? Mfupa mtamu?"

"Davao sijafika maisha yangu yote. Nimekufa, Loring."

Koleo likabaki hewani. Ndizi zikaanza kuungua na hakuna aliyezijali.

"Umekufa?"

"Nimekufa. Kazini. Maboksi yalikuwa machache."

Loring alizunguka karai, akamwendea, akamshika shavu, akamshika shingo. Shingo ilikwenda upande mmoja ikakataa kurudi, naye akairudisha kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia Dencio.

"Kaka Dencio, wewe ni mtu mzima. Usinidanganye. Amekufa kweli?"

Dencio akavua miwani. Watu walikuwa wameshaanza kujaa.

"Kweli. Nilikuwepo. Ni siku ileile waliyokuletea habari kwamba katoroka."

"Siku ileile! Asubuhi yake alikunywa kahawa yangu."

"Siku ileile."

"Hakuniacha?"

"Hakukuacha hata siku moja."

Loring aliketi chini, palepale kwenye vumbi, akalia kwa furaha waziwazi, mikono kichwani, akimshukuru Bikira Maria na watakatifu aliokuwa amewanunia. "Jamani, njooni!" aliwaita wauzaji wenzake. "Mume wangu hakuniacha! Amekufa!" Wakaja wakamkumbatia, wakamwambia hongera na pole kwa pumzi moja. Mmoja wao, aliyekuwa amemcheka zaidi ya wote, alimwomba Teban msamaha na kumpa ndizi, ambayo ilipoa mkononi mwake. Nening aliletwa, akaambiwa baba si mbwa tena. Alikubali upesi, akamshika baba yake kidole.

Matanga yakafanyika kama inavyotakiwa, ingawa mwili haukuwepo na mwenyewe alikuwepo. Teban alikaa karibu na mlango akipokea wageni. Watu walicheza karata, wakanywa chai ya tangawizi, wakala mbegu za matikiti na kutupa maganda sakafuni. Kampuni ilileta maua. Utepe wake uliandikwa: Hongera kwa kurudi kwa mumeo. Aliyeyaleta aliyaweka mahali pazuri, akasimama kidogo, akauliza kuhusu fulana. Teban akaivua na kumpa. Yule mtu akaikunja, akamshukuru, akapita kwenye meza ya chai kwanza kisha akaondoka. Hapo ndipo Loring alipolitoa lile shati la harusi, jepesi, la nyuzi za nanasi, akamvalisha mumewe akifunga kifungo kimoja kimoja. Lilikuwa bado linamtosha.

Wakamsomea sala za siku tisa. Dencio na Perpetua walikwenda kila jioni, Teban akienda na kurudi nao. Siku ya mwisho, sala ilipofika amina, kiti cha karibu na mlango kilikuwa kitupu na vumbi la chokaa lilikuwa limekoma. Loring alikitazama kile kiti, akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu Aprili, akaenda kuwapakulia watu wali.

Wakati wa kurudi, Dencio na mkewe walipita kunywa kahawa, wakakaa sana. Nyumbani kulikuwa na joto la kawaida. Majirani walikuja kuchukua chupa zao kwa masikitiko kidogo, na Dencio alilala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa muda mrefu. Jumatatu alimkuta mtu wa Cebu kazini, katika fulana nyekundu iliyofuliwa vizuri. Walisalimiana. Maboksi yalikuwa yaleyale.

Filamu ilitoka mwezi wa Desemba ikajaza majumba yote ya sinema. Mruko wa Pasig haukukatwa. Magazeti yaliuandika kwa wino mzito, kampuni ikampa Dencio sanamu ya shaba yenye jina lake, na mwandishi alipomuuliza alijisikiaje kule juu, Dencio alimtazama Bosi Florencio, Bosi akamtazama Dencio, na Dencio akasema kwamba kule juu alimtegemea Mungu tu.

Wiki ya pili alikwenda kuiona filamu hiyo mwenyewe, mchana, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Viti viwili mbele yake alimwona Loring katika nguo nyeusi za ujane, Nening mapajani, mfuko wa karanga kati yao. Mlinzi aliyekuwa akipita kati ya viti alimwambia kwamba mama yule huja kila siku akishamaliza kuuza ndizi.

Teban alitokea juu ya lile jengo, mgongo kwa watu. Akakimbia, akaruka. Alikaa hewani muda mrefu, mikono wazi, mto ukimeta chini yake, naye alikuwa mzuri kupita mtu yeyote aliyewahi kuonekana kwenye kitambaa kile cha sinema.

"Yule ndiye baba yako," Loring alimwambia binti yake. "Mtazame. Mtazame vizuri."

Kisha picha ikabadilika, na kabla ya uso wa Dencio Malvar kuinuka kutoka chini ukipangusa vumbi, Loring aliweka kiganja chake juu ya macho ya mtoto na kukiacha hapo. Ukumbi mzima uliruka juu ukimshangilia Dencio kwa jina. Dencio aliuona ule mkono, akashukuru kwamba mwanamke yule hakugeuka nyuma, akainuka na kupiga makofi pamoja na wengine.