Meza ya Mzee Celedonio

Usiinunue. Bado kidogo. Sisemi ni mbaya, Tobías, nimeiona hapo kwenye simu yako, gari nzuri, boneti yake imekaa kama kidevu cha askofu. Lakini wewe umeniuliza, babu nifanyeje, na mimi nakuuliza, ile uliyoipandisha juu ya matofali kwenu ina miaka mingapi? Minne. Haya. Usiinunue. Msogeze huyo paka ukae, nikwambie yaliyonipata mimi, maana unataka kumwoa mjukuu wangu, na sitaki Marisela apate niliyompa bibi yake.

Unaiona hii meza unayoiegemea? Kuna miaka sita haikuonekana.

Aliichonga baba mkwe wangu, mzee Celedonio, kwa msonobari alioukata mwenyewe mlimani. Wanakaa watu wanane, tisa wakipendana. Na ile Shevrole ya kijani ya mwaka hamsini na mbili iliyoko nje, nayo ilikuwa yake. Orlinda wangu alijifunzia kuendesha humo, hata lile bonde kwenye bampa ya nyuma ni lake, ingawa yeye husema ni mti ulimfuata. Mzee macho yalipomwisha, akaniita akanipa funguo. Akasema, "Eloy, imechoka. Itengeneze. Siku ikiwa tayari uje utuchukue nayo, mimi na mama yenu, utulete kwako tule." Nikasema ndiyo, baba. Akafa nikiwa nimeshaifungua yote na sijarudisha hata nati. Akabaki mama.

Sasa nikupe ugonjwa wenyewe. Madigadi ya kushoto ilikuwa imeoza. Nikasikia kuna nyingine ya mwaka hamsini na moja imelala kule Peñasco, mwenyewe anataka tu iondoke. Nikamwambia Orlinda, naichukua ya spea. Kila mwanamume wa bonde hili anayependa magari ameshasema hivyo, na kila mke ameshasikia. Nikaileta, nikashika spana, nikaizunguka. Madigadi nzima. Milango mizima. Hata kisahani cha majivu kipo. Unaikataje gari ya namna hiyo? Ni kama kununua mbuzi wa kuchinja halafu ukampa jina. Na jina nilimpa, Chata. Nikaiacha ile ya kijani, nikaanza na Chata. Chata akakosa kioo cha nyuma, nikatafuta gari ya spea ya Chata, ikaja ya bluu, nayo ikawa na pua nzuri kuliko ya Chata. Unaniona ninakokwenda. Uani pakawa na magari matano na maziwa tukafuata dukani kwa miguu.

Vitu vidogo vya ile ya kijani nikavileta ndani kwa sababu ya panya. Nikaviweka mezani. Nikamwambia Orlinda, wiki moja. Kila kitu kilikuwa ndani ya mfuko wake wa plastiki, na juu ya mfuko nimechora picha. Honi, nimechora jogoo. Taa, mwezi. Waipa, miguu ya mende. Mgeni akiingia anadhani tunacheza ile bahati nasibu ya picha ya kanisani. Wakiniuliza mbona huandiki, nasema picha ni haraka. Hilo la kuandika tutalifikia.

Basi tukala magotini. Krismasi magotini, ubatizo magotini. Huyo Marisela wako alikuwa anakula amesimama pale dirishani kama farasi.

Ikaja Pasaka moja, mama mkwe akaletwa na Filiberto. Filiberto unamjua, ndugu yake Orlinda, mama alikuwa anaishi kwake. Huyo mama, Doña Benerita, akasimama pale mlangoni na fimbo yake, akaitazama meza. Hakupandisha sauti, yeye hakuwahi kupandisha sauti. Akasema, "Mimi nina miaka tisini na moja. Sili magotini kama mchuma matofaa, tena kwenye nyumba yenye meza ya mume wangu. Pasaka ijayo, kama Mungu atanibakiza, nitakuja meza ikiwa meza. Ikiwa bado, nisiitwe." Akageuka. Filiberto akaniangalia, akainua mabega, akamfuata na sahani yake mkononi, maana chakula yeye haachi.

Orlinda alikwenda kwenye sinki akaosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Akaiosha tena.

Ungedhani nilianza siku ileile. Nilianza Jumatano ya Majivu, karibu mwaka mzima baadaye, na hata hapo sikuanza mimi, nilianzishwa. Tumetoka kanisani, jivu liko kwenye paji la uso, Orlinda akaniambia, "Mzee, watu wanafunga sukari, wengine wanafunga bia. Wewe Kwaresma hii unafunga magari."

"Nafungaje magari?"

"Hununui, hupigi simu, huendi kuangalia. Na kila siku unaondoa kitu kimoja pale mezani, unakwenda kukikaza kwenye gari ya baba. Ukirudi mkono mtupu, chakula kipo. Ukirudi nacho, utakula na hao panya wako."

Alikuwa ameshavihesabu. Vitu arobaini na tatu. Nikamwambia mfungo ni siku arobaini. Akasema vitatu vya ziada ni vya dhambi za nyuma.

Chata akafunikwa turubai. Nilikatazwa hata kumsalimia.

Siku ya kwanza nikachukua mkono wa kushushia kioo. Kitu cha dakika tano. Ilinichukua mchana wote kwa sababu nilisimama naitazama gari yote, naona rangi, naona viti, naona sakafu, moyo unashuka hadi kwenye viatu. Ndiyo kosa letu hilo, mwanangu. Tunaitazama gari nzima. Hakuna mtu aliyewahi kuitengeneza gari nzima. Ukishika mkono wa kioo, tengeneza mkono wa kioo, ingia ndani ule. Kesho yake nikachukua mwezi, yaani taa. Kesho kutwa miguu ya mende. Kufika wiki ya pili ubao ukaanza kuonekana upande wa jikoni, kipande kama cha sahani moja. Orlinda akaja na kikombe cha kahawa akakiweka pale. Akavuta kiti, akakaa. Alikunywa ile kahawa polepole mpaka nikatoka nje mwenyewe kwenda kutafuta kitu cha kukaza.

Kila siku chache kiti kimoja kinapatikana. Ilikuwa kama theluji inayeyuka. Lakini nilikuwa na ujanja wangu, nao nausema leo. Nilikuwa nachukua vya upande wa wengine. Upande wangu, pale kichwani mwa meza ninapokaa, sikugusa. Pale palikuwa na vitu kama kumi, na juu yake lundo la nyaya za gari nzima, limekaa kama kiota cha tai.

Jumapili ya tano Filiberto akaingia hata hajapiga hodi.

"Shemeji, trela unalo?"

"Trela ninalo. Ruhusa sina."

"Kuna pikapu ya mwaka thelathini na tisa, kule Truchas. Mjane anahama. Haijawahi kuona kutu, shemeji. Ina hadi ile harufu."

"Nimefunga."

"Leo Jumapili. Jumapili haihesabiwi kwenye Kwaresma, hesabu mwenyewe. Padri leo anakula keki."

Nikamgeukia Orlinda. Alikuwa anasukuma chapati za tortila, hakuinua macho. "Ni kweli haihesabiwi," akasema. "Nenda kaangalie."

Nilifurahi. Mke akikupa ruhusa kirahisi hivyo, kijana, kaa chini uogope. Mimi nilikwenda kufunga trela nyuma ya gari la Filiberto.

Sitakudanganya, ile pikapu ilikuwa nzuri. Nyeusi, imesimama nyuma ya zizi, milango inafungika kwa sauti ya kasha la benki. Nikaingia nikashika usukani. Nikaanza palepale kuipanga kichwani, kiti hivi, rangi hivi, ile ya kijani itasubiri kidogo, mama mkwe ataelewa. Filiberto ameegemea mlango anatafuna mbegu za alizeti.

"Ile ya mzee umebakiza nini?" akaniuliza.

"Kidogo. Nyaya tu."

Akatema ganda. "Chata ulimwachia wapi?"

"Kwenye nyaya."

"Na ya bluu?"

Nikaanza kufuta vumbi kwenye dashibodi.

"Shemeji, hizi nyaya zilikukosea nini?" Hakuwa na nia ya kunichoma, anauliza tu, anatafuna. Lakini nilikaa mle ndani nimeshika usukani wa mtu na masikio yanawaka.

Maana mimi shule niliishia la tatu. Mjomba alihitaji mtu wa kondoo, nikaenda kondoo. Jina langu naandika, vibao vya barabarani nasoma, misa naijua kwa kichwa. Lakini karatasi ya nyaya, wewe unaijua, mistari kama utumbo wa kuku na vijimaandishi kila mahali. Nikiifungua, maandishi yanatembea kama sisimizi. Basi kila nikifika kwenye nyaya, moyo unaniambia, Eloy, umeichoka gari hii, tafuta nyingine. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa naona haya. Miaka ishirini naona haya, nikadhani ni mapenzi ya magari.

Nikashuka. Nikamwambia Filiberto, "Chukua wewe."

"Unaumwa?"

"Chukua, shemeji. Kesho utaazima trela la mtu."

Akaichukua ile pikapu kesho yake, na ipo hadi leo, mwulize amefika wapi nayo.

Trela tupu unalijua linavyopiga kelele. Lililobeba linapita kimya, lakini tupu kila shimo linakutangaza, mtaa mzima unajua umerudi bila kitu. Orlinda alinisikia kuanzia kule darajani. Nilipoingia nikamkuta amekaa kwenye kiti changu, miwani iko puani, lundo la nyaya amelisogeza pembeni, na mbele yake amekunjua ile karatasi.

"Kaa," akasema. "Hii nyekundu yenye mstari mweupe inakwenda kwenye taa ya kushoto. Si ngumu. Ni kama kushona."

"Umejuaje?"

"Nimejuaje nini?"

"Orlinda."

Akavua miwani. "Mzee, tumeoana miaka arobaini na mbili. Tukienda kula mjini unafunga ile kadi ya vyakula unasema, niletee kama cha mama. Hata siku niliyoagiza maini, na maini huyapendi. Ulikula yote."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Basi. Tulicheka, halafu mmoja wetu hakucheka tena, sitakwambia nani.

Wiki mbili tulifanya pamoja. Yeye amekaa kiti cha mbele na blanketi magotini, anasoma. Mimi nimelala chali chini ya dashibodi, miguu iko nje ya mlango.

"Ya njano, namba nne."

"Namba nne siioni."

"Iko karibu na kidole gumba chako."

"Hapa hakuna kitu."

"Basi ni hiyo unayoilalia, mzee, kwa sababu karatasi haisemi uongo na wewe ni mnene."

Jumamosi Kuu tukaweka betri. Nikageuza ufunguo, ikakohoa, ikashika. Taa, zikawaka. Indiketa, zikacheza. Nikakanyaga breki, honi ikalia.

Tukatazamana. Nikakanyaga tena. Ikalia tena.

"Jogoo," akasema Orlinda.

"Umesoma vibaya."

"Nimesoma vizuri. Umeunga vibaya."

"Kesho Pasaka."

"Kesho Pasaka," akasema. "Iache iwike."

Meza ikawa tupu. Orlinda akaipaka mafuta kwa kitambaa, akarudi akaipaka tena, na alikuwa na maandazi ya kupika na mchuzi wa posole, mahindi na nyama, jikoni lakini hakuondoka pale.

Asubuhi tukaenda kumchukua mama. Siku ile, kama kila Pasaka, magari ya bonde zima yako barabara kuu, yamepigwa kitambaa, yanatembea mwendo wa maandamano, na kila yakisimama mbele yangu mimi nakanyaga breki na jogoo anawika. Watu wakadhani nawasalimia. Wakanipungia mikono, wakapiga honi zao. Nimesalimiwa siku hiyo na watu ambao hatukuwa tunasemezana.

Nikafunga breki kwa Filiberto, ikalia mtaa mzima. Doña Benerita akatoka na nguo ya buluu na kipochi. Akasimama akaitazama gari. Akaweka mkono kwenye mlango, pale juu, mahali rangi ilipoliwa na kiwiko cha mzee, sikupapaka upya. Akasema, "Celedonio naye alikuwa hawezi kufika nyumbani bila kupiga honi." Akaingia mbele. Orlinda akakaa nyuma kama mtoto. Njia nzima, kila nikikanyaga breki, naona anatabasamu kwenye kioo chake cha upande.

Nyumbani akaingia na fimbo. Akaitazama meza. Akapitisha kiganja chini ya ukingo, huku, ulipo huo mkono wako, kuna mahali patasi ya mzee iliteleza ikakata. Akapapasa. Akavuta kiti.

Orlinda akapakua. Posole, pilipili nyekundu, maharage, tortila zimefunikwa kitambaa. Marisela akakaa, wengine wakakaa, na mimi nikakaa kwangu pale kichwani, nikaweka viwiko kwenye ubao kuhakikisha. Tunataka kusali, tukaona kiti kimoja kitupu. Filiberto alikuwa ameshachukua sahani yake na kwa mazoea amekwenda kukaa kwenye kochi, ameiweka magotini, kijiko kiko hewani.

"Filiberto," mama akasema.

"Naam, mama."

"Meza iko huku."

Akainuka na sahani yake, anaangalia mchuzi usimwagike, akaja akakaa.