Piano ya Watu Wawili

Mimi ndiye yule mwandishi wa habari za gemu asiyesifia ovyo. Sijigambi, maana ni kazi ya kuchukiwa. Wenzangu wakionyeshwa kipande cha dakika mbili tu, wameshaanza kupiga debe: maajabu, haijawahi kutokea, uza kila kitu ununue. Mimi nasubiri itoke, nacheza mpaka mwisho, ndipo nafungua mdomo. Mwaka wa kumi na moja sasa. Wasomaji wangu si wengi, lakini nikisema kitu wanakiamini, na ukiniondolea hicho sina kingine.

Basi ikaja gemu ya piano. Wapagazi wawili wanapandisha piano ghorofa kumi, mmoja kashika mbele, mwingine nyuma, ngazi nyembamba, majirani wakorofi. Ni ya watu wawili. Ukiwa peke yako haianzi, inakaa tu pale inakuuliza mwenzako yuko wapi. Haijatoka, na tayari watu wameshaivisha kilemba cha ukoka. Mhariri wangu akanipigia Jumatatu: Alhamisi saa nne asubuhi maoni ya waandishi wote yanaruhusiwa kutoka, na yangu yawemo.

"Unaye wa kucheza naye?" akauliza.

"Nitakosaje mtu," nikamjibu.

Nilikosa. Nilipitia majina yote kwenye simu. Fundi wa friji. Daktari wa meno. Watu wa matangazo wa kampuni za gemu, wanaonikumbuka wakiwa na cha kutangaza. Mke tulishaachana. Alibaki mdogo wangu, niliyekua naye tukigombania padi moja ya kuchezea gemu mpaka nyaya zikachomoka, na yeye hatujasemezana miaka minne. Baba alipozidiwa nilikuwa kwenye maonyesho ya gemu. Nikasema namalizia siku mbili nakuja. Baba hakuzingoja. Mdogo wangu ndiye aliyemuuguza, ndiye aliyemzika, na nilipofika na begi langu aliniambia neno moja mlangoni: "Kacheze."

Kwa hiyo nikakaa kwenye kochi, padi moja mkono wa kulia, nyingine nimeilaza pajani naibonyeza kwa kushoto. Siku mbili nzima. Mpagazi wa mbele anapanda, wa nyuma anakwangua ukuta. Kila piano ikianguka wale wawili wanaangua kicheko na kukumbatiana, ndivyo walivyotengenezwa, na mimi nawakodolea macho na shingo imekakamaa. Nilifika ghorofa ya nne. Gemu ni nzuri? Sijui. Nasema kweli, mpaka leo sijui.

Ningeandika hivyohivyo: sikuwa na mtu wa kucheza naye. Asubuhi ya Jumatano niliandika sentensi hiyo nikaitazama, nikaona haya, tena haya ya kweli, ya mtu mzima wa miaka arobaini na tatu anayejitangaza kwamba hana mtu. Nikaifuta. Nikaandika: "Nimecheza na mdogo wangu. Tumecheka mpaka mbavu zikauma. Tisa kwa kumi." Sikuitafuta ile habari ya mdogo wangu, ilitoka yenyewe, na kinachoniudhi ni kwamba nilipoisoma nilifurahi.

Alhamisi saa tano kampuni ilikuwa imeshaibandika kwenye tangazo lao. Wapagazi, piano, na chini yake maandishi makubwa: HATA YEYE AMECHEKA.

Saa sita akapiga Mama. Mama hajui gemu ni nini hasa, lakini kila ninachoandika namtumia, na anasoma mpaka nukta ya mwisho.

"Mwanangu, mmepatana," akasema. Hakuwa anauliza. "Nimesoma mara tatu. Shangazi yako nimeshamwambia, na jirani nimemwambia. Niko hapa nalia peke yangu kama mwehu. Kwa nini mlinificha?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema kweli. Nikasema, "Tulitaka tukushtukize, Mama."

Nilikaa na simu mkononi mpaka saa tisa, ndipo nikampigia mdogo wangu. Sikutegemea apokee. Akapokea.

"Najua unachotaka," akasema. "Mama kanipigia."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia ndiyo, tulicheza. Mtu analia kwa furaha, ulitaka nimwambieje?"

Nikamwambia basi njoo. Njoo leo, njoo kesho, hata saa moja tu, tucheze iwe kweli. Nilimbembeleza kama sijawahi kumbembeleza mtu.

"Iwe kweli kwa ajili ya nani?" akauliza. "Kaka, ungenipigia Jumatatu ukasema una gemu ya watu wawili, ningekuja. Ningenuna, lakini ningekuja. Sasa nikija ni kufunika uongo wako. Mimi nimeshamdanganya Mama mara moja kwa ajili yako, sirudii. Mweleze mwenyewe."

Akakata. Jumatatu. Jina lake nililiona siku ile, nikalipita.

Ijumaa nikaandika upya, na safari hii sikupamba: "Sikucheza na mdogo wangu. Nilicheza peke yangu, kwa mikono miwili, mpaka ghorofa ya nne. Sijui kama gemu hii ni nzuri. Alama nimeziondoa." Mhariri akauliza kwani lazima, watu wenyewe wameshasahau. Nikamwambia lazima. Nilikusudia kwenda kwanza kwa Mama nimwambie uso kwa uso, lakini nilijijua, nikifika pale nitameza maneno. Nikayachapisha kwanza, nikamtumia na yeye kama kawaida.

Na unajua kilichotokea? Hakuna. Watu walinicheka saa moja, wengine wakanisifu eti bado mkweli, kampuni ikatoa maneno yangu kwenye tangazo ikaweka ya mwingine. Kufikia jioni wote walikuwa wanapigia debe gemu nyingine.

Jumamosi nikaenda kwa Mama. Nilimkuta chumbani anakunja nguo, simu iko kitandani, miwani juu yake.

"Nimeshasoma," akasema. Hakugeuka.

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Wewe ni mwanangu, nikufanyeje?" Akakunja shuka, nikamshikia ncha ya pili kwa sababu ni refu. "Shangazi yako nimempigia. Jirani bado, naona aibu kutoka nje."

"Nitamwambia mimi."

"Acha. Nitamwambia mwenyewe." Akalichukua shuka mikononi mwangu, akalilaza juu ya mengine na kulinyoosha kwa kiganja. "Ila ukiandika tena, usinitumie."

Nikamwambia naandika mambo ya gemu tu, Mama, hakuna jingine mle la kumuumiza.

"Najua, mwanangu. Lakini nitakuwa nasoma huku najiuliza."

Nikasema sawa. Akachukua foronya, akaanza kuikunja.